Tupeane uzoefu: kufunga kumekusaidia nini, na kumekuumiza wapi?

Mtulivu (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Kwenye suala la kufunga kila mtu ana chama chake. Huyu anakwambia kunatibu kila kitu kuanzia sukari mpaka mba, yule anakwambia ni kujichimbia kaburi huku tumbo tupu. Wengi wao ukiwauliza mara ya mwisho walifunga lini, wanaanza kukohoa.

Uzi huu ni wa waliofunga kwa miili yao. Uwe ulifunga kwa ajili ya dini, kupunguza uzito, ushauri wa daktari au ubishi tu, njoo. Sema ulifunga kwa mtindo gani, mwili ulijibu vipi, na kama una ugonjwa au dawa unayomeza, itaje. Hilo la dawa watu hulificha, na ndilo linalobadilisha hadithi nzima.

Naanza mimi. Simezi dawa yoyote. Kilichonisukuma ni ultrasaundi iliyoonyesha ini langu lina mafuta. Nakula ndani ya saa nane: mlo wa kwanza saa sita mchana, wa mwisho unaisha kabla ya saa mbili usiku. Nje ya hapo ni maji, na kahawa isiyo na sukari wala maziwa.

Siku za mwanzo nilikuwa mkali kwa kila aliyenisogelea. Ila kuna kitu nilikiona: njaa haipandi mfululizo. Inakuja ile saa uliyozoea kula, inapiga kelele, ukiinyamazia inaondoka zake. Kumbe homoni ya njaa, ghrelini, hupanda kwa kufuata ratiba ya milo uliyouzoesha mwili. Ukibadilisha ratiba, nayo baada ya muda inajifunza. Siku hizi asubuhi inapita sijakumbuka chakula.

Faida: kiuno kimepungua, kiungulia cha usiku kimekwisha kwa sababu silali tena na tumbo lililojaa, na kipimo cha pili cha ini kilikuwa kizuri kuliko cha kwanza. Hasara: nikibanwa na kazi jioni, nakula kwa pupa ili niwahi muda, na walionizoea kwenye chai ya asubuhi wananiona nimekuwa mtu wa maringo.

Karibuni.


Tabasamu

Mkuu, mimi nafunga Ramadhani kila mwaka, bila maji wala chochote mchana kutwa. Miaka yote siku za mwanzo kichwa kilikuwa kinanipasuka kuanzia saa nane mchana. Nikawa nailaumu njaa, nakula daku ya watu wawili, wapi.

Kumbe mwenye makosa ni kahawa. Aliyezoea kafeini akiikosa, kichwa huanza kumuuma kati ya saa 12 na 24 tangu kikombe cha mwisho. Sasa wiki chache kabla ya mwezi kuandama naanza kupunguza, kikombe kinakuwa nusu, nusu inakuwa robo. Mwezi ukiingia kichwa kiko kimya.

Kitu kingine ambacho hakuna atakayekiri humu ni harufu ya mdomo. Mwili ukianza kuchoma mafuta unatengeneza ketoni, na moja wapo, asetoni, inatokea kwenye pumzi. Mswaki hauifikii. Mume wangu naye anafunga, kwa hiyo tumesameheana.


Fundi Saa

Mtulivu hongera, ila nikuulize: ulipoacha kula asubuhi na usiku wa manane, jumla ya chakula chako kwa siku ilibaki ileile? Kama ilipungua, basi hiyo ndiyo iliyokupunguza kiuno. Saa ilikusaidia kuifikia tu.

Nilikuwa muumini mkubwa wa saa 16 kwa 8 (kufunga saa 16, kula ndani ya 8) mpaka nilipoyasoma majaribio yenyewe. Mwaka 2022 lilichapishwa jaribio lililofanyika China kwa watu 139 wenye unene uliopitiliza, wakafuatiliwa mwaka mzima. Makundi mawili, kiwango cha kalori kilekile, ila kundi moja lilikula kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni tu. Waliobanwa saa walipungua wastani wa kilo 8, wenzao kilo 6.3, na kwa hesabu za kitakwimu tofauti hiyo haikutosha kusema mtindo mmoja umeushinda mwingine. Miaka miwili kabla yake, Marekani, watu 116 walijaribiwa kwa wiki 12. Kundi moja liliambiwa lile saa sita mchana hadi saa mbili usiku, bila kuhesabu kalori. Walipungua chini ya kilo moja, karibu sawa na waliokula milo mitatu. Na wale waliopimwa kwa undani, sehemu kubwa ya kilichopungua haikuwa mafuta. Misuli ilikuwemo.

Hili la misuli nimeliona kwangu. Mizani ilikuwa inanichekea, lakini ndoo niliyozoea kuinua kwa mkono mmoja ikaanza kudai mikono miwili. Sikuacha kufunga. Nimeongeza protini kwenye milo miwili iliyobaki na nanyanyua vyuma, nguvu imerudi. Nimebaki na mtindo huu kwa sababu ya uvivu: kuhesabu kalori kunanichosha, kutazama saa hakunichoshi.

Halafu zile kilo mbili za wiki ya kwanza msizifanyie sherehe. Ini na misuli huhifadhi wanga uitwao glaikojeni, na kila gramu yake hukaa na gramu kama 3 za maji. Ukifunga glaikojeni inatumika, maji yanatoka kwa mkojo, mizani inashuka. Ukila vizuri siku mbili, yote yanarudi, halafu mtu anasema amerogwa.


Bingwa wa Maji

Mbona hamgusi kubwa kuliko zote? Seli kujisafisha! Mtu kapewa Nobeli kwa hilo. Ukifunga siku tatu kwa maji matupu mwili unakula seli mbovu zote, na saratani inakufa njaa. Mimi nafunga hivyo mara kwa mara na hata mafua siyajui. Mahospitali hayawezi kuwaambia haya, yatauza nini?


Nesi wa Zamu

Bingwa, mimi ni wa hayo mahospitali, ngoja nikuambie.

Yoshinori Ohsumi wa Japani alipata Nobeli ya tiba mwaka 2016, hilo ni kweli. Kazi yake ilikuwa kuonyesha jinsi seli inavyovunjavunja vipande vyake vilivyochakaa na kuvitumia upya, na jeni zinazoendesha shughuli hiyo. Alianzia kwenye hamira. Ni kweli pia kwamba seli ikikosa chakula huongeza kazi hiyo. Imeonekana kwenye hamira, imeonekana kwa panya. Kuipima ndani ya binadamu anayetembea ni kazi ngumu, na hizo siku tatu unazozitaja hakuna aliyezithibitisha kuwa ndizo dozi.

Kwenye saratani nitakuwa mkali kidogo. Wodini tunahangaika wagonjwa wa saratani wasikonde, kwa sababu aliyekonda anayastahimili matibabu kwa shida. Wapo watafiti wanaojaribu kufunga kwa muda mfupi karibu na siku za kemo (dawa za kuua saratani), mgonjwa akiwa chini ya macho ya madaktari. Hayo ni majaribio. Kumwambia ndugu yako mgonjwa aache kula ili uvimbe ufe njaa ni jambo lingine kabisa, na anayetangulia kufa njaa siyo uvimbe.

Endeleeni na visa vyenu, nasoma. Nitarudi kwenye dawa.


Bwana Kipimo

Nina kisukari aina ya pili, kwa hiyo mwanzisha uzi umenigusa pale uliposema tutaje dawa.

Nilikuwa natumia glibenklamidi. Ramadhani ilipoingia kidonge cha asubuhi kikahamia daku, dozi ileile. Siku moja baada ya Alasiri nikaanza kutoka jasho la baridi huku nimekaa kivulini. Mikono inatetemeka. Mtoto akaniuliza kitu kidogo nikamfokea hadi akalia, na mimi si mtu wa kufoka. Binti yangu mkubwa akanitazama usoni, akachukua kile kipimo cha kuchoma kidole, ikasoma 2.9. Akakoroga sukari kwenye maji, akaniletea.

Nikakataa! Magharibi ilikuwa karibu, nikamwambia nisubiri. Alinishika kidevu akaninywesha. Nusu saa baadaye akili imerudi, nikauliza kwani kulikuwa na nini.

Daktari alinieleza hivi: dawa za jamii ile huikamua kongosho itoe insulini hata kama hakuna chakula kilichoingia. Dawa kali ya siku ya kula inakuwa kali zaidi siku ya kufunga. Akanibadilishia dawa, na metformini, dawa nyingine ya sukari, ikapangwa upya, dozi kubwa ikaenda kwenye futari. Metformini ikiwa peke yake ni mara chache kushusha sukari kiasi cha kuangusha mtu.

Sasa kila mwaka naenda kumwona wiki sita hadi nane kabla ya mwezi. Nina mipaka aliyoniandikia: sukari ikishuka chini ya 3.9 nafungua saumu palepale, ikipanda juu ya 16.7 nafungua pia. Wanaopima kwa miligramu ni 70 na 300. Kuna wenzangu waliogopa kupima mchana wakidhani tone la damu linaharibu saumu. Wanazuoni wengi wanasema haliharibu, muulize shehe wako. Na ruhusa ya mgonjwa kula na kulipa siku nyingine imo kwenye Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Tunazisoma kila mwaka, ila zikitugusa sisi tunajifanya hatuzioni.

Faida? Ipo. Miaka niliyofunga kwa mpango, nikila kwa kiasi jioni, vipimo vyangu baada ya mwezi huwa vizuri. Mwaka niliofuturu kama mtu aliyetoka kifungoni, sukari ilipanda, daktari akaniuliza kama kweli nilikuwa nafunga.


Nesi wa Zamu

Bwana Kipimo, mpe binti yako zawadi.

Niongeze kwenye dawa, kwa sababu ndizo zinazotuletea watu usiku. Insulini ni ileile hadithi ya sukari kushuka, na wenye kisukari aina ya kwanza wana hatari ya pande zote mbili: ikizidi sukari inaanguka, wakiiruka damu inajaa asidi. Kuna vidonge vipya zaidi vya sukari vinavyotoa sukari kwa mkojo, majina yake huishia na "gliflozini". Ukivimeza huku umefunga muda mrefu, ketoni zinaweza kujaa hadi damu ikawa asidi, na sukari kwenye kipimo isionekane juu sana. Mgonjwa anatapika, anahema kwa kasi, ndugu wanasema ni njaa.

Dawa za presha, hasa zile za kukojoza: mwili uliofunga nao unatoa chumvi na maji kwa mkojo, kwa hiyo presha inashushwa na wawili. Mtu anasimama ghafla, anaanguka. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki juu ya tumbo tupu ni mwaliko wa vidonda, na mwili ukiwa hauna maji zinaumiza figo.

Dozi na saa za dawa hizi zinaweza kubadilishwa kabla hujaanza kufunga. Ni mazungumzo ya dakika kumi kliniki.


Mzee Kijana

Nesi umenitaja bila kunijua. Nina presha na nina jongo.

Kijana mmoja kazini alinishawishi tufunge siku kadhaa kwa maji, tuondoe sumu mwilini. (Hizo sumu sijawahi kuambiwa majina yake.) Siku ya kwanza nzuri, ya pili nikawa mwepesi, nikatangaza kwa kila mtu. Usiku wake kidole gumba cha mguu kikawaka. Shuka likikigusa nataka kulia. Mtu mzima na mvi zangu, nimekaa kitandani nakipepea kidole.

Daktari alicheka, halafu akaeleza. Asidi ya yuriki ndiyo inayoleta jongo, na hutolewa na figo. Ukifunga kwa muda mrefu ketoni zinajaa, nazo zinapita njia ileile ya figo, zinagombania nafasi. Asidi inabaki kwenye damu, inapanda, kiungo kilichozoea kuvimba kinavimba. Ukiongeza na maji machache ndiyo kabisa. Na vidonge vyangu vya presha vilikuwa vya kukojoza, ambavyo navyo hupandisha asidi hiyo.

Kijana yeye alitoka salama, akaandika mtandaoni amezaliwa upya. Kufunga kulekule, siku zilezile.

Sasa nafanya kidogo kidogo: nakula jioni mapema, silambi kitu mpaka asubuhi. Presha imetulia kiasi kwamba daktari amepunguza kidonge kimoja. Jongo halijanirudia.


Kipepeo

Nimefikiria sana kama niandike.

Kwangu kufunga kulianza kwa jina zuri. Nilikuwa chuoni, nikaanza kuruka mlo wa asubuhi, halafu wa mchana, halafu nikawa nakula mara moja, halafu hata huo mmoja nikawa nautolea sababu. Watu wakanisifia. Shangazi alisema nimekuwa na umbo la kuolewa. Nilipokuwa nashindwa kufunga nakula mpaka naumwa, kisha najiadhibu kwa kufunga zaidi. Hedhi ikakata miezi. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Nilikuwa nasikia baridi wakati wenzangu wanajipepea.

Hakuna aliyeona tatizo, maana kufunga kunaheshimika. Nikisema "nimefunga", hakuna anayeuliza zaidi.

Aliyenigundua ni mshauri wa wanafunzi, hata hakuniuliza kuhusu chakula, aliniuliza mara ya mwisho nilicheka lini. Nimetibiwa, na bado sehemu kubwa ya matibabu ni kula kwa saa, milo yote, bila kuruka. Kiongozi wangu wa dini anajua, na nafunga kwa njia nyingine: naacha simu, naacha maneno.

Kama una binti, au kijana wa kiume maana na wao wapo, ambaye kufunga kwake hakuna mwisho, anakwepa kula mbele za watu, anajipima kila saa, usimsifie kwanza. Kaa naye.


Mtulivu

Kipepeo, asante kwa kuandika, dada. Na hilo la hedhi kukata naomba lisipite hivihivi: mwili ukiona nishati haitoshi, huzima kwanza vile vya kuzaa. Wanawake wanaofunga sana na kufanya mazoezi makali waliangalie.


Nyayo

Mimi ni wa maombi ya kufunga. Kanisani kwetu huwa tunafunga mchana tu, jioni tunakula, na hilo sijawahi kupata shida nalo. Nikiwa nimefunga hivyo nasali vizuri, akili haitangitangi, hata hasira zinapungua. Sijui sayansi yake na siitafuti.

Ila mwaka mmoja niliamua kwenda zaidi ya wiki kwa maji tu. Siku za katikati zilikuwa rahisi kuliko nilivyotegemea, njaa iliisha kabisa. Shida ilikuja baada ya kumaliza. Nilifungua kwa sahani iliyojaa wanga na soda kubwa baridi, nikarudia. Kesho yake miguu imevimba, moyo unadunda ovyo nikiwa nimelala, mikono haina nguvu ya kufunga vifungo vya shati. Nikapelekwa hospitali, nikalazwa, wakawa wananipa chakula kidogo kidogo kama mtoto na kunichoma sindano za vitamini. Mpaka leo sijaelewa vizuri. Kwani chakula kinawezaje kumuumiza mtu mwenye njaa?


Bingwa wa Maji

Pole, ila hapo ulikosea kufungua tu. Kuna Mskoti alifunga siku 382, hajala kitu, akatoka mzima. Mwili una uwezo mkubwa kuliko mnavyoutisha.


Nesi wa Zamu

Nyayo, swali lako nalipenda, ngoja nilijibu polepole.

Ukiwa hujala siku nyingi, insulini iko chini na mwili unaendeshwa kwa mafuta. Madini kama fosfeti, potasiamu na magnesi yamekuwa yakipungua mwilini, lakini kwenye damu kipimo kinaweza kuonekana cha kawaida kwa sababu seli zinayaachia yatoke nje. Sasa inaingia sahani ya wanga. Insulini inaruka juu, seli zinafunguka kuvuta sukari, na zikivuta sukari zinavuta madini yaleyale kwa mkupuo. Damu inabaki haina kitu. Moyo unahitaji potasiamu ili upige kwa mpangilio, misuli ya kupumua inahitaji fosfeti. Vitamini B1, ambayo akiba yake mwilini ni ndogo, inahitajika ili wanga utumike, nayo ilishakwisha. Figo zinashikilia chumvi na maji, miguu inavimba. Ndiyo sindano ulizochomwa, na ndiyo sababu ya kulishwa kidogo kidogo huku wanapima damu.

Jambo hili lilijulikana sana mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, pale mateka waliokondeana walipoachiwa, wakapewa chakula cha kutosha na baadhi wakafa baada ya kula. Leo mtu ambaye hajala, au amekula kidogo sana, kwa zaidi ya siku 5 tunamhesabu yuko kwenye hatari. Akipita siku 10 hatari ni kubwa. Aliyekuwa amekonda tangu mwanzo au mlevi wa pombe anafika huko mapema zaidi.

Bingwa, huyo Mskoti ni Angus Barbieri, alianza mwaka 1965 akiwa na miaka 27. Simulia na nusu iliyobaki. Alikuwa na kilo 207, alimaliza na kilo kama 82, maana yake alikuwa na akiba ya mafuta ambayo wewe na mimi hatuna. Hakunywa maji matupu: alipewa vitamini na hamira, na baadaye potasiamu na sodiamu kwa vipindi. Madaktari wa Dundee walikuwa wakimpima damu na mkojo muda wote, na ripoti yao wakaichapisha mwaka 1973. Katika miaka hiyohiyo wapo wagonjwa wengine waliokufa wakiwa kwenye matibabu ya kufunga ya namna ile. Hao hawasimuliwi kwa sababu hadithi yao haiuzi. Tiba hiyo iliachwa.

Wale wa kufunga mchana na kula jioni msiogope, hili haliwahusu. Mwili wenye afya una akiba ya saa hizo.


Mama Wawili

Niseme kidogo kuhusu kunyonyesha, maana wifi zangu walinisema sana.

Mtoto wa kwanza nilifunga akiwa ameshaanza kula vyakula vingine, ananyonya usiku zaidi. Maziwa hayakukauka, nilikunywa maji mengi kuanzia magharibi hadi daku. Mtoto wa pili alikuwa na miezi miwili, hana chakula kingine zaidi ya mimi. Siku ya pili mkojo wake ukawa mchache na una rangi, mimi nasikia kizunguzungu nikimbeba. Nikafungua, na nililipa siku zangu baadaye.

Mama yuleyule, watoto tofauti. Wanaouliza "inaruhusiwa au hairuhusiwi" wanataka jibu moja la wanawake wote, na halipo. Nepi ndiyo ilinijibu mimi.


Fundi Saa

Kuna rafiki yangu alipungua haraka sana kwa kufunga kila siku ya pili, akaishia kufanyiwa upasuaji wa vijiwe vya nyongo. Nesi, ni bahati mbaya au vinahusiana?


Nesi wa Zamu

Vinahusiana. Kibofu cha nyongo hujiminya ukila, hasa mafuta. Usipokula muda mrefu nyongo inakaa, inakuwa nzito, na ukipungua haraka ini linamimina lehemu nyingi ndani yake. Vijiwe vinapata nafasi. Kwa hiyo kupungua polepole ni salama zaidi, na mlo mnaobaki nao usikose mafuta kabisa.


Subira

Nawasoma tangu jana. Mimi natumia levothairoksini ya tezi la shingo, naambiwa lazima niimeze tumbo tupu asubuhi kisha nisubiri kabla ya kula. Mwezi wa kufunga nifanyeje? Mwaka jana niliiacha mwezi mzima, nikawa nachoka na kuvimba uso, nikadhani ni saumu.


Nesi wa Zamu

Subira, huo uchovu na uso kuvimba vinafanana zaidi na dawa kukosekana. Hii haifai kuachwa mwezi mzima.

Una njia mbili ambazo wagonjwa wengi huzimudu. Ya kwanza, imeze kwa maji usiku wakati wa kulala, zikiwa zimepita saa tatu hivi tangu ulipokula mara ya mwisho. Ya pili, amka mapema, imeze, subiri nusu saa hadi saa nzima, ndipo ule daku. Chagua moja, uishike kila siku. Kama unameza pia vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu, vitenganishe nayo kwa saa nne, vinaizuia kufyonzwa. Mwambie daktari wako umechagua ipi.


Subira

Daku huwa naamka dakika za mwisho, kwa hiyo nitachukua ya kulala. Ila futari kwetu inaendelea hadi usiku mwingi, kuna matunda, kuna chai...


Nesi wa Zamu

Basi jiwekee saa ya kufunga mdomo na wewe, hata kama wengine wanaendelea. Maji ruksa. Wiki sita hadi nane baada ya kubadilisha muda, nenda ukapimwe TSH (kipimo cha damu cha tezi) uone kama dozi bado inatosha.